Nuru, Usumaku na Plazmoni za Uso: Maelezo ya Dhana na Istilahi Zake

1. Utangulizi

Kwa karne nyingi mabaharia wa Bahari ya Hindi walizitumia nuru na sumaku usiku mmoja, katika chombo kimoja, bila ya kuwa na sababu ya kuzihusisha. Nahodha alitazama nyota kwa jicho na sindano ya dira kwa jicho lilo hilo, lakini hakuwahi kuuona mwali wa nyota ukigeuka kwa sababu ya kuwa karibu na dira. Lugha nayo ilivitenga vitu hivi viwili. Nuru na mwanga vilikwenda na macho, ujuzi na uongofu. Sumaku ilikwenda na chuma, mvuto na mwelekeo.

Sayansi imeonyesha kwamba utengano huo ni wa juu juu. Nuru na usumaku ni ndugu, na katika metali zilizochongwa au kupangwa kwa vipimo vidogo mno ndugu hao hukutanishwa na mwenzao wa tatu, yaani plazmoni ya uso. Madhumuni ya makala haya ni mawili. Kwanza, ni kueleza kwa utaratibu jinsi watatu hawa wanavyoathiriana. Pili, ni kuyapima maneno ya Kiswahili yanayoibeba kazi hiyo. Imedaiwa mara nyingi kwamba Kiswahili hakifai kufundishia fizikia ya juu. Dai hilo halijibiwi kwa hamaki, wala kwa orodha ndefu ya maneno yasiyo na matumizi. Hujibiwa kwa kulieleza jambo moja gumu mpaka mwisho, na kuona ni wapi lugha inatosha na ni wapi inapwaya.

2. Nuru na sumaku

Mwezi Septemba 1845, katika maabara ya Royal Institution mjini London, Michael Faraday alipitisha mwali wa nuru ndani ya kipande cha kioo kizito chenye madini ya risasi, kilichowekwa penye ncha za sumaku-umeme yenye nguvu. Mwali huo ulikuwa umekwisha kuchujwa ili mitikisiko yake yote ilale katika bapa moja. Sumaku ilipowashwa, bapa la mtikisiko liligeuka kidogo. Ilipozimwa, likarudi mahali pake. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza wa maabara kwamba nuru na usumaku vinahusiana. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1865, James Clerk Maxwell alichapisha nadharia iliyoonyesha kwamba nuru yenyewe ni wimbi la umeme na usumaku, likisafiri pamoja. Mwaka 1877 John Kerr, mwanasayansi wa Uskochi, alieleza tukio linalofanana na lile la Faraday: nuru inayoakisiwa na ncha ya sumaku iliyosuguliwa hadi ikang'aa hurudi ikiwa imegeuzwa bapa lake.

Hapa yafaa msomaji ajihadhari. Sumaku haiushiki mwali na kuupinda kama mkono unavyopinda ufito. Katika vipimo vya kawaida, miale hupita katika uga wa sumaku ulio mtupu bila ya kugeuka. Lazima pawepo na maada, na ndani ya maada pawepo na elektroni. Elektroni ndizo washenga wa shughuli hii: husukumwa na nuru, huongozwa na sumaku, na kwa mwendo wao humfikishia mmoja habari za mwenziwe.

Ushenga huo hufanyika hivi. Mtikisiko wa kwenda na kurudi katika mstari mmoja waweza kuhesabiwa kuwa ni jumla ya mizunguko miwili iliyo sawa kwa ukubwa, mmoja ukienda kulia na mwingine kushoto. Katika maada isiyo na usumaku elektroni huipokea mizunguko yote miwili kwa namna moja. Maada inapokuwa na usumaku, elektroni huupokea mmoja tofauti na mwingine, na kwa hiyo mzunguko mmoja husafiri polepole kuliko wa pili. Inapotoka nje na kujumlishwa upya, mizunguko hiyo hutoa tena mtikisiko wa mstari mmoja, lakini mstari wenyewe umekwisha kugeuka. Katika chuma, nikeli na kobalti athari hii ni kubwa kuliko katika kioo cha kawaida, kwa sababu elektroni nyingi za metali hizo, ambazo kila moja ni mfano wa sumaku ndogo mno, zimejipanga kuelekea upande mmoja. Hata hivyo, mgeuko unaopatikana kwa kuakisi nuru juu ya metali hizo kwa kawaida haufiki nyuzi moja kamili.

Iko sifa moja ya tukio la Faraday ambayo ni ya msingi kwa yote yatakayofuata. Maji ya sukari nayo hugeuza bapa la mtikisiko. Lakini mwali ukipita katika maji hayo, kisha ukarudishwa kwa kioo njia ile ile, mgeuko wa kurudi huufuta mgeuko wa kwenda. Katika kioo kilicho ndani ya uga wa sumaku mambo ni kinyume: mgeuko wa kurudi hujumlika na wa kwenda, ukawa maradufu. Kwa nuru inayopita katika maada yenye usumaku, kwenda si sawa na kurudi.

3. Plazmoni ya uso

Mshiriki wa tatu ni mgeni zaidi. Ndani ya metali kama dhahabu na fedha zimo elektroni huru, zisizofungwa kwenye atomu yoyote maalumu. Zikisukumwa upande mmoja, huacha nyuma yake upungufu unaozivuta zirudi. Zikirudi hupita kiasi, zikavutwa tena. Hivyo elektroni zote hutikisika kwa pamoja, mithili ya maji yanayopigwapigwa ndani ya karai. Mapema katika miaka ya 1950, David Bohm na David Pines waliijenga nadharia ya mitikisiko hiyo ya pamoja, na kipimo kimoja cha mtikisiko huo kikaitwa plazmoni. Mwaka 1957 Rufus Ritchie, aliyefanya kazi katika maabara ya Oak Ridge huko Marekani, alionyesha kwamba uso wa metali una mitikisiko yake yenyewe, tofauti na ile ya ndani.

Plazmoni ya uso, basi, ni wimbi la elektroni na nuru kwa pamoja, linalotambaa kwenye mpaka baina ya metali na kitu kisichopitisha umeme, kama vile hewa, maji au kioo. Nguvu yake ni kubwa zaidi papo hapo mpakani, na hufifia kwa haraka kila upande. Ndani ya dhahabu, uga wake hufifia katika kina cha makumi machache tu ya nanomita; upande wa hewa huweza kufika mamia ya nanomita. Ikumbukwe kwamba nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na kwamba urefu wa mawimbi ya nuru ionekanayo ni kati ya nanomita 400 na 700 hivi. Kwa njia ya plazmoni, nuru huweza kubanwa mahali padogo kuliko urefu wa wimbi lake yenyewe, jambo ambalo lenzi ya kawaida haiwezi kulifanya.

Watu waliyaona matendo ya plazmoni kabla ya kuwa na jina lake. Katika Makumbusho ya Uingereza mjini London kimo kikombe cha Lycurgus, kilichotengenezwa na mafundi wa Kirumi katika karne ya nne. Kikimulikwa kwa mbele huonekana cha kijani. Kikimulikwa kwa nyuma, nuru ikapita katikati yake, huwa chekundu. Sababu ni chembe ndogo mno za fedha na dhahabu zilizomo ndani ya kioo chake. Elektroni za kila chembe hutikisika kwa nguvu zinapokutana na nuru ya rangi fulani na kuiacha nyingine ipite. Mwaka 1902 R. W. Wood naye aliona, katika nuru iliyoakisiwa na metali yenye mifuo membamba, mabadiliko ya ghafla ambayo nadharia ya wakati huo haikuweza kuyaeleza. Baadaye sana ilifahamika kwamba baadhi yake yalitokana na mawimbi ya uso.

4. Namna ya kuiamsha plazmoni

Nuru ikiangushwa tu juu ya metali laini haiwezi kuiamsha plazmoni itambaayo. Kwa idadi ile ile ya mitikisiko kwa sekunde, wimbi la uso lina urefu mfupi kuliko wa nuru ya hewani. Ni kama watu wawili wanaotaka kutembea bega kwa bega, na mmoja ana hatua fupi kuliko mwenzake: hawawezi kwenda pamoja mpaka hatua zilinganishwe. Mwaka 1968, huko Ujerumani, Andreas Otto kwa upande mmoja, na Erwin Kretschmann pamoja na Heinz Raether kwa upande mwingine, walionyesha kwamba ulinganisho huo hupatikana kwa kutumia prizimu. Ndani ya kioo cha prizimu nuru huenda polepole na urefu wa wimbi lake hupungua. Kwa kuubadilisha ulalo wa mwali, hufikiwa pembe moja ambapo hatua hulingana barabara.

Katika mpango wa Kretschmann na Raether, prizimu hupakwa utando wa dhahabu au fedha wenye unene wa nanomita 50 hivi. Pembe zinapobadilishwa, utando huakisi nuru kama kioo cha kujitazamia; lakini ifikapo ile pembe moja, uakisi huanguka karibu na sifuri. Nuru haikupotea bure. Imeingia katika wimbi la uso, na hatimaye hugeuka kuwa joto ndani ya metali. Pembe hiyo yenye giza huhama hata utando mwembamba mno wa kitu kingine ukijibandika juu ya dhahabu. Njia nyingine za kulinganisha hatua ni kuchora mifuo sambamba juu ya metali. Kwa chembe ndogo zilizotengana, kama zile za kikombe cha Lycurgus, ulinganisho wa namna hii hauhitajiki, kwani plazmoni yake haitambai bali hutikisika papo hapo.

5. Kukutana kwa watatu

Hapa ndipo penye tatizo lililowashughulisha wanafizikia. Metali zinazoipokea plazmoni vyema, yaani dhahabu na fedha, hazina usumaku wa kudumu, na athari ya sumaku juu ya nuru inayoakisiwa nazo ni hafifu mno. Metali zenye usumaku wenye nguvu, yaani chuma, nikeli na kobalti, huifyonza nuru kupita kiasi, hata wimbi la uso hufa kabla ya kwenda mbali. Kila mmoja ana kile ambacho mwenzake amekikosa.

Ufumbuzi ulipatikana katika kuvipanga vitu hivi tabaka kwa tabaka, kwa vipimo vya nanomita. Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa tando zilizokuwa na tabaka jembamba la kobalti katikati ya matabaka mawili ya dhahabu. Dhahabu ililibeba wimbi; kobalti ilileta usumaku, nayo ilikuwa nyembamba kiasi cha kutoliua wimbi. Ilipofikiwa pembe ya plazmoni, athari ya sumaku juu ya nuru iliongezeka sana.

Mpango mmoja unastahili kuelezwa zaidi. Usumaku wa kobalti ukilala sambamba na uso, huku ukikata njia ya wimbi kwa pembe mraba, urefu wa wimbi la plazmoni hubadilika kidogo. Usumaku ukigeuzwa kinyume, badiliko nalo hugeuka kinyume. Kwa hiyo wimbi liendalo kulia na lile liendalo kushoto hayana tena urefu mmoja. Sifa ya Faraday, kwamba kwenda si sawa na kurudi, imehamia kwenye uso wa metali. Na kwa kuwa urefu wa wimbi ndio unaoiamua pembe yenye giza, kuigeuza sumaku ni kuisogeza pembe hiyo. Mtafiti akiiweka taa yake kwenye mteremko mkali ulio karibu na pembe hiyo, msogeo mdogo sana huonekana kama badiliko kubwa la mwangaza.

Haifai kuitia chumvi habari hii. Ongezeko linalotajwa lina sababu mbili, na zisichanganywe. Sababu ya kwanza ni ya kweli kabisa: plazmoni huukusanya uga wa nuru mahali palipo na kobalti, na hivyo elektroni zenye usumaku husukumwa kwa nguvu zaidi. Sababu ya pili ni ya kihesabu: athari hupimwa kwa kugawanya badiliko la mwangaza kwa mwangaza wote, na penye giza kigawanyo huwa kidogo, kwa hiyo uwiano hukua hata kama badiliko lenyewe si kubwa. Anayesoma taarifa za uwanja huu hana budi kuuliza kila mara ni sababu ipi inayozungumziwa.

Njia ya pili ni kuiacha metali yenye usumaku na kutumia ganeti ya chuma, yaani fuwele yenye usumaku ambayo haifyonzi sana nuru ya rangi fulani. Mwaka 2011 watafiti walieleza muundo wa dhahabu yenye mianya membamba iliyopangwa sambamba juu ya ganeti yenye bismuthi, na wakaonyesha ongezeko kubwa la athari ya usumaku huku nuru nyingi ikiendelea kupita.

Uhusiano huu hauendi upande mmoja tu. Mwaka 1965 ilithibitishwa kwa majaribio kwamba nuru ambayo mtikisiko wake huzunguka yaweza kuzaa usumaku ndani ya maada. Sumaku huigeuza nuru, na nuru nayo huizaa sumaku.

6. Matumizi

Matumizi ya kwanza ni vipima-dutu. Pembe yenye giza ya utando wa dhahabu imetumiwa tangu miaka ya 1980 kuchunguza jinsi molekuli za kibiolojia zinavyoshikana. Kwa kuongeza tabaka la kobalti na kuugeuza usumaku wake mara kwa mara, alama inayotafutwa huweza kutengwa na vurugu za kipimo.

Matumizi ya pili ni hifadhi ya kumbukumbu za kompyuta. Katika diski za sumaku za aina mpya, zilizoanza kuuzwa katika miaka ya 2020, nuru ya leza hupelekwa kwenye kipande kidogo cha metali kinachoamsha plazmoni na kuibana nuru mahali penye upana wa makumi ya nanomita. Mahali hapo pa diski, palipotengenezwa kwa mchanganyiko wa chuma na platini, hupata joto la zaidi ya nyuzi 400 za Selsiasi kwa muda mfupi mno. Usumaku wake hulegea, ukaandikwa upya, kisha mahali hapo hupoa na kulishika andiko. Nuru, plazmoni na sumaku hapa hufanya kazi moja.

Matumizi ya tatu yanakaribia pwani ya Kenya. Nyaya za nyuzi za kioo zilizofikishwa Mombasa chini ya bahari mwaka 2009 hubeba habari kwa miale ya leza. Katika mitambo ya namna hiyo huwekwa vizuizi vinavyotumia ganeti na tukio la Faraday kuiruhusu nuru kwenda na kuikataza kurudi, isije ikavuruga chanzo chake. Vizuizi hivyo ni vikubwa mno kuweza kuingizwa ndani ya vibanzi vya saketi. Matumaini ya wanafizikia ni kuvipunguza kwa msaada wa plazmoni. Kizingiti ni kwamba metali hula sehemu ya nuru na kuigeuza joto.

7. Suala la istilahi

Maelezo yaliyotangulia yanaonyesha makundi matatu ya maneno. Kundi la kwanza ni la maneno ya zamani yaliyopanuliwa maana. Uga, ambao asili yake ni uwanja au eneo la wazi, umekubalika katika fizikia kuwa mahali nguvu inapotenda kazi, na maana mpya haikuisaliti ya kale. Mwitikio nao wafaa kwa hali ile ambapo kitu hutikisika kwa nguvu kikisukumwa kwa mwendo wake chenyewe, kwani waitikiaji wa wimbo huitika pale tu mwimbishaji anapowapa zamu yao. Uakisi na ufyonzaji hazina utata.

Kundi la pili ni la mikopo. Plazmoni yaweza kupingwa kwa kuwa ngeni, na pengine kupendekezwa badala yake "wimbi la elektroni". Lakini kiishio cha neno hilo kinaliunganisha na elektroni, protoni na fotoni, maneno ambayo msomaji wa fizikia amekwisha kuyazoea, na kinadokeza kwamba jambo linalosemwa huhesabika kwa vipimo vizima. "Wimbi la elektroni" huipoteza maana hiyo, na zaidi ya hayo huisahau nuru iliyo nusu ya plazmoni ya uso. Kisarufi neno lenyewe limeingia bila ya taabu katika ngeli ya I-ZI: plazmoni ya uso, plazmoni za uso. Tatizo liko kwa neno plazma, ambalo katika biolojia hutaja sehemu ya majimaji ya damu na katika fizikia hutaja mkusanyiko wa chembe huru zenye chaji. Muktadha hautoshi daima, na mwalimu hana budi kuzitenganisha maana hizo tangu somo la kwanza.

Kundi la tatu ndilo lenye mtego. Lugha za Ulaya huieleza sifa ya nuru kutokuwa sawa katika kwenda na kurudi kwa neno ambalo wanaisimu hulitumia kwa kauli ya kutendana. Mfasiri mwenye haraka angelitafuta kitenzi chenye kiambishi -an-. Angekosea. Kauli ya kutendana huhitaji watendaji wawili wanaotendeana. Hapa mtendaji ni mmoja, na kinacholinganishwa ni njia yake ya kwenda na ya kurudi. Fungu la maneno "tofauti ya kwenda na kurudi" ni refu, lakini halidanganyi. Hivyo ndivyo Kiswahili kinavyoweza kuwa wazi kuliko lugha ambayo dhana imetoka kwayo, iwapo mfasiri ataifuata dhana badala ya kulifuata neno.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, iliweka msingi muhimu. Lakini kamusi huhifadhi maneno. Haiwezi kuyafanya yafanye kazi. Nchini Kenya Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwa Katiba ya mwaka 2010 ni lugha rasmi pia. Hata hivyo fizikia ya shule za sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba istilahi nyingi hukaa kamusini bila ya kujaribiwa ndani ya sentensi, na neno lisilojaribiwa halijulikani ubora wala kasoro yake.

8. Hitimisho

Imeonekana kwamba nuru na usumaku hukutanishwa na elektroni. Kwamba plazmoni ya uso huukusanya mkutano huo mahali padogo na kuutia nguvu. Na kwamba miundo ya kiwango cha nanomita huwezesha dhahabu na kobalti kushirikiana pale ambapo kila moja peke yake ingeshindwa. Imeonekana pia kwamba maelezo hayo yaliweza kutolewa kwa Kiswahili, kwa mikopo michache na upanuzi mwingi wa maneno ya kale, na kwamba ugumu uliobaki ni wa dhana yenyewe na wala si wa lugha. Kazi inayowangoja wanaisimu na wanafizikia si kubuni maneno wakiwa mbalimbali, kila mmoja katika idara yake, bali kuketi pamoja na kuandika. Dhahabu peke yake haina usumaku, na kobalti peke yake hulizima wimbi.